Butura ya Bati: Kutoka Mashimo ya Kyerwa hadi Kioo cha Televisheni

Wiki chache zilizopita nilikuwa nyumbani Kyerwa kwa msiba wa mzee mmoja wa ukoo wetu. Matanga yalipokwisha, niliteremka hadi Nkwenda na televisheni ya familia ikiwa imefungwa kwa blanketi nyuma ya pikipiki. Ilikuwa inatoa sauti bila picha. Fundi aliilaza kifudifudi mezani, akafungua skrubu moja baada ya nyingine, akauondoa mgongo wake na kunionyesha bodi ya kijani yenye madoa madogo ya rangi ya fedha. "Taa za nyuma zimekufa, mwalimu, na hapa bodi imeachia," alisema. Akashika kifaa chake cha kuchomelea na uzi mwembamba unaong'aa, akayeyusha tone moja, moshi mdogo ukapanda, akapuliza, akahamia kwenye taa.

Nilimwuliza uzi ule unaitwaje. "Risasi," alijibu. "Unatoka Kariakoo." Kwenye benchi alikuwa ameketi kijana mwenye suruali iliyokaukiwa na matope, akisubiri redio yake. Alikuwa mchimbaji wa bati. Nilipomwambia kwamba uzi ule, pamoja na kuitwa risasi, kwa sehemu kubwa ni bati, yaani madini yale yale anayoyachimba yeye, alicheka akidhani namtania. Kisha akauliza swali ambalo limenisumbua kuliko mengi ninayoulizwa darasani: "Sasa kaka, kama linafika mpaka ndani ya televisheni, mbona sisi tunaliuza kama mchanga?"

Makala haya ni jaribio la kumjibu kijana yule. Jibu lake ni refu kidogo, kwa sababu linapitia Osaka kabla ya kurudi Kyerwa. Namwomba msomaji avumilie safari hiyo, maana bila kuelewa fedha ya televisheni inapatikana wapi na inapotea wapi, tutaendelea kuwaahidi wananchi viwanda visivyowezekana huku tukiwanyima vitu vidogo vinavyowezekana.

Redio ya baba

Naomba nianze na redio. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa fedha za kahawa, baba alinunua redio ya National. Ilikaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa kilichofumwa na mama, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuigusa. Betri zilipochoka tulizianika juani juu ya jamvi pamoja na kahawa, na jioni zilitupa nusu saa nyingine ya Redio Tanzania Dar es Salaam, iliyotosha kwa taarifa ya habari na salamu. Majirani walikuja, wakaketi, wakasikiliza, wakaondoka. Hiyo ndiyo ilikuwa teknolojia ya kielektroniki ya kijiji chetu.

Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipojifunza kwamba National lilikuwa jina la biashara la kampuni ya Matsushita, iliyoanzishwa na Konosuke Matsushita mjini Osaka mwaka 1918, na kwamba kampuni hiyo ilijenga kiwanda Dar es Salaam katika miaka ya 1960, kikitengeneza betri na kuunganisha redio. Arusha nako kulikuwa na kiwanda cha redio cha Philips. Kwa maneno mengine, mkulima wa Karagwe aliyeuza kahawa yake na kununua redio na betri alikuwa anazungusha sehemu ya fedha yake ndani ya nchi yake. Hatukuwa na kila kitu, na wala sitaki kuipamba enzi ile. Foleni za sukari na sabuni nazikumbuka vizuri. Lakini katikati ya mnyororo wa bidhaa, baina ya malighafi na mnunuzi, palikuwa na Mtanzania aliyevaa ovaroli.

Televisheni ilikuja kwa njia nyingine. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mapema miaka ya 1970, lakini Bara tulisubiri hadi mwaka 1994 ndipo vituo binafsi vikaanza kurusha matangazo, na televisheni ya taifa ikafuata baadaye. Mimi nilitazama mpira kwenye televisheni kwa mara ya kwanza mwaka 1998, wakati wa Kombe la Dunia la Ufaransa, kwenye banda moja pale Kayanga. Jenereta liliunguruma nje, nasi tulilipa kiingilio na kubanana mbele ya televisheni moja ya chogo. Hakuna aliyeuliza imetengenezwa wapi. Tuliipokea kama mvua, kitu kinachotoka juu.

Kupanda na kushuka kwa VIERA

Sasa twende Japani, kwa kampuni ile ile iliyotengeneza redio ya baba. Matsushita ilianza kuuza televisheni mwaka 1952. Kwa nusu karne iliyofuata iliuza televisheni za chogo kwa majina ya National na Panasonic. Mwaka 2003, dunia ilipokuwa inaanza kuachana na chogo, kampuni ilizindua jina jipya kwa ajili ya televisheni zake bapa: VIERA. Mwaka 2008 kampuni nzima ikaacha jina la mwanzilishi wake na kujiita Panasonic, na jina la National likastaafishwa.

VIERA ilijengwa juu ya uamuzi mmoja mzito. Wakati huo teknolojia mbili zilishindania kuta za sebule za dunia. Moja ilikuwa ya kioo cha maji, ile iitwayo LCD, ambayo huhitaji taa nyuma yake. Nyingine ilikuwa ya plazma, ambayo kila nukta ya picha ni chumba kidogo cha gesi kinachowaka chenyewe. Panasonic ilizitengeneza zote mbili, lakini moyo wake na mtaji wake mkubwa iliuweka kwenye plazma. Ilijenga viwanda vikubwa Amagasaki, jirani na Osaka, na mwaka 2008 ikaonyesha hadharani televisheni ya plazma ya inchi 150. Kwa macho ya watu wengi wenye ujuzi wa picha, plazma ilikuwa bora: weusi wake ulikuwa mweusi kweli, na mpira ukipigwa haukuacha mkia kwenye skrini.

Lakini soko halikuwa shindano la uzuri wa picha. LCD ilikuwa nyepesi, ilikula umeme kidogo, na ilitengenezwa kwa wingi mno na makampuni ya Korea, Taiwani na baadaye China, ambayo yaliongeza viwanda kila mwaka na kushusha bei kila mwaka. Televisheni ikawa bidhaa ambayo kadiri unavyoiuza kwa wingi ndivyo faida inavyopungua. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2012 Panasonic ilipata hasara ya zaidi ya yeni bilioni 750, na mwaka uliofuata ikapata hasara nyingine ya kiasi hicho hicho, kwa sehemu kubwa kutokana na mzigo wa televisheni na shughuli nyingine zilizoshindwa kurudisha mtaji wake. Desemba 2013 ikaacha kutengeneza plazma kabisa. Mwaka 2016 ikatangaza kuacha kutengeneza paneli za LCD za televisheni katika kiwanda chake cha Himeji. Televisheni zake mpya za OLED, zilizoanza kuuzwa mwaka 2015, zilitumia paneli zilizotengenezwa na LG ya Korea. Hata programu ya kuendeshea televisheni iliazimwa kwa wengine: kwanza ilitumia Firefox OS ya Mozilla, na miaka ya karibuni baadhi ya televisheni zake zinatumia Fire TV ya Amazon. Februari 2025 mkuu wa kampuni hiyo alisema wazi kwamba, ikibidi, yuko tayari hata kuiuza biashara ya televisheni.

Tazama mwendo huo, msomaji. Kampuni iliyokuwa inatengeneza kioo, bodi, kasha na programu, leo kwa kiasi kikubwa imebaki na jina, usanifu na ustadi wa kurekebisha picha. Thamani iliyodhaniwa kukaa kiwandani iliyeyuka mikononi mwa watu wenye mtaji, wahandisi na karne ya uzoefu.

Ndiyo maana nasikitika kila ninapomsikia mwanasiasa wetu akisimama jukwaani na kuahidi kwamba mkoa utakuwa na kiwanda cha kuunganisha televisheni. Kuunganisha televisheni ndiko hasa mahali ambapo Panasonic ilimwaga damu. Sehemu zote zitaagizwa, skrubu zitakazwa hapa, bendera itabandikwa kwenye boksi, na bei ikishuka kidogo China kiwanda kitafungwa. Somo la VIERA kwetu ni tofauti na hilo, na linaanzia ardhini.

Bati liko wapi ndani ya kioo?

Tukisema bati, wengi hufikiria kwanza nyumba. Kijana akioa, anaezeka kwa bati. Bati la paa, kwa kweli, ni chuma kilichopakwa zinki. Bati ninalolizungumzia ni metali yenyewe, laini, yenye rangi ya fedha, inayoyeyuka kwa nyuzi joto 232 tu za Selsiasi. Uchimbaji wake katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Kyerwa ulianza enzi za Waingereza, katika miaka ya 1920. Wazee wanaokumbuka wazungu wa mgodi bado wapo miongoni mwetu, kwa simulizi za baba zao. Mwaka 2012 Kyerwa ilipomegwa kutoka Karagwe na kuwa wilaya kamili, madini hayo yalikuwa miongoni mwa tumaini lake, pamoja na kahawa, ndizi na maharage.

Jiwe linalochimbwa huitwa kasiteraiti. Ni zito na jeusi au la hudhurungi, na likiwa safi kabisa karibu asilimia 79 ya uzito wake ni bati tupu. Likichomwa pamoja na kaboni katika tanuri lenye joto kali, oksijeni hutoka na metali hubaki.

Metali hiyo huingia kwenye televisheni kupitia milango miwili. Mlango wa kwanza ni ule niliouona Nkwenda: kila kifaa kidogo kilichokaa juu ya bodi ya kielektroniki kimeshikizwa na tone la bati. Karibu nusu ya bati lote linalotumika duniani huishia kwenye kazi hiyo ya kuunganishia. Zamani mchanganyiko ulikuwa takriban asilimia 60 bati na 40 risasi, na nadhani ndiko lilikotoka jina la mafundi wetu. Kuanzia Julai 2006 Umoja wa Ulaya ulizuia risasi katika vifaa vingi vya kielektroniki kwa sababu ya sumu yake, na viwanda vikahamia kwenye michanganyiko ambayo mmoja wa inayotumika sana una bati asilimia 96.5, fedha asilimia 3 na shaba nusu asilimia. Sheria iliyotungwa Brussels kwa ajili ya afya ya Wazungu iliongeza uzito wa jiwe la Kyerwa, na sidhani kama kuna mtu aliyemwambia mchimbaji.

Mlango wa pili ni kioo chenyewe. Ili televisheni bapa ionyeshe picha, umeme lazima ufike kwenye kila nukta ya kioo, lakini waya zikipita mbele ya kioo zitaziba picha. Wanasayansi walitatua tatizo hilo kwa utando mwembamba unaopitisha umeme na mwanga kwa pamoja. Utando huo kwa kawaida hutengenezwa kwa oksaidi ya indiamu takriban asilimia 90 na oksaidi ya bati asilimia 10. Simu za kugusa nazo hutumia utando huo huo. Kwa hiyo mtu anayeketi Kaisho usiku akitazama taarifa ya habari, anaitazama kupitia bati.

Sidai kwamba bati lililomo kwenye televisheni yangu lilitoka Kyerwa. Bati kubwa la dunia hutoka China, Indonesia, Myanmar na Peru, na likishayeyushwa halina kabila. Ninachodai ni kwamba jiwe tunalolitoa ardhini ni la aina ile ile ambayo bila yake kioo hakiwaki. Makampuni ya televisheni yalibadilishana zamu: Japani ilipanda, Korea ikaipita, China ikawapita wote. Teknolojia zilikufa na kuzikwa: chogo imekufa, plazma imekufa, LCD nayo inabanwa na OLED. Katika mazishi yote hayo, bati halikuzikwa. Kila teknolojia mpya ililihitaji tena.

Butura

Kila mtu wa Karagwe na Kyerwa analijua neno butura. Kwa msomaji wa mbali nieleze: butura ni kuuza kahawa ikiwa bado ni maua au mbichi mtini, kwa bei ya shida, kwa sababu ada ya shule inadaiwa au mgonjwa amelazwa. Mnunuzi hutembea shambani, hukadiria kwa macho, hutoa fedha kidogo, na wakati wa mavuno huja na magunia yake. Serikali imelipiga marufuku jambo hilo mara nyingi, na vyama vya ushirika vimelilaani. Sote tunakubali kwamba butura ni wizi uliovaa kanzu ya msaada. Msingi wake ni mmoja: mnunuzi anajua thamani ya kesho, muuzaji anajua shida ya leo.

Kijana wa Nkwenda alinieleza jinsi anavyouza. Wenzake watano huchimba, huosha kwa maji ya bonde, hukausha, na kupeleka mfuko kwa mnunuzi. Mnunuzi ana kifaa cha mkononi chenye umbo la bastola, anakielekeza kwenye mawe, kinampa namba. "Namba anaiona yeye," kijana alisema. "Sisi tunaambiwa tu, leo mzigo wenu uko chini." Nilimwuliza kama waliwahi kupima kwingine. Akasema kwingine ni mbali, na mfuko ukishatembea bila karatasi unaweza kukamatwa.

Hiyo ni butura. Imehama kutoka shambani kwenda shimoni. Mzigo ule ule ukiwa na bati asilimia 50 au 70 una bei tofauti kabisa, na tofauti hiyo ndiyo ada ya shule ya mtoto. Taifa linapouza jiwe bila kujua kwa yakini kilichomo ndani yake, linafanya jambo lile lile kwa kiwango kikubwa zaidi.

Nakiri kwamba hatujakaa kimya kisheria. Mwaka 2017 Bunge lilitunga sheria ya mamlaka ya kudumu ya nchi juu ya utajiri na maliasili zake, inayokataza kusafirisha rasilimali ghafi ili ziongezewe thamani nje. Kuanzia mwaka 2019 yameanzishwa masoko ya madini nchini kote. Nchi za Maziwa Makuu, Tanzania ikiwamo, zilikubaliana Lusaka mwaka 2010 juu ya utaratibu wa vyeti vya asili kwa madini manne: bati, tantalamu, wolframu na dhahabu. Mwaka huo huo Marekani ilitunga sheria inayoyataka makampuni yanayouza hisa katika masoko yake yaeleze kama madini hayo yametoka Kongo au katika nchi inayopakana nayo. Sisi tunapakana na Kongo, basi jiwe la Kyerwa likaingizwa katika orodha ya madini ya kushukiwa, ingawa hakuna bunduki iliyolilinda. Mchimbaji wetu akabebeshwa mzigo wa vita visivyo vyake. Asiye na cheti huuza kwa anayeweza kulivusha usiku, na anayelivusha hulipa bei anayoitaka. Mpaka wa mto Kagera ni mrefu, na mto haujui sheria.

Hoja za wanaopinga

Najua wenzangu wachumi watasema nini. Watasema kiasi cha bati la Kyerwa ni kidogo kuliko njaa ya tanuri la kisasa, kwamba umeme wetu hauaminiki, na kwamba soko la dunia halimsubiri mchimbaji mdogo. Ni hoja za kweli na zinastahili jibu, si matusi.

Kuhusu wingi, Kigali kuna tanuri la bati linalofanya kazi. Rwanda haina eneo kubwa kuliko letu. Ilichofanya ni kukusanya. Kuhusu umeme, kwa miaka mingi Kagera ilitegemea umeme kutoka Uganda, na kukatika kwake tumekuzoea mno. Lakini leo pale Murongo na Kikagati, kwenye mto Kagera, kuna kituo cha maji cha megawati 14 ambacho nchi mbili zinagawana, na Rusumo kuna cha megawati 80 kinachogawanywa na nchi tatu. Mito tunayo, kilichobaki ni nyaya na nidhamu. Na kuhusu ujuzi, niruhusiwe kuwakumbusha wanafunzi wangu kwamba Kagera ni mahali ambapo watu waliyeyusha chuma takriban miaka 2,000 iliyopita; mabaki ya matanuri yao yamefukuliwa na wanaakiolojia Katuruka. Watawala wa Karagwe kule Bweranyange walikuwa na hazina ya vyuma vilivyofuliwa kwa ustadi, vikiwamo vinyago vya ng'ombe, na Speke aliyempitia Rumanyika mwaka 1861 alikuta utawala wenye utaratibu wake. Sisemi tuyeyushe bati kwa mivukuto. Nasema tusikubali kuambiwa kwamba moto ni jambo geni kwetu.

Hata hivyo nakubaliana nao katika jambo moja: tusianze na kikubwa. Panasonic ilianza na kikubwa Amagasaki, ikajuta. Mapendekezo yangu ni matatu, na yote ni madogo.

La kwanza ni kipimo. Kila eneo la uchimbaji wa bati Kyerwa liwe na mahali pa umma ambapo mchimbaji anapima mzigo wake kabla ya kukutana na mnunuzi, kwa ada ndogo, na kupewa karatasi yenye namba, tarehe na muhuri. Kifaa kile chenye umbo la bastola hakigharimu zaidi ya magari tunayonunulia viongozi. Mwenye karatasi anabishana kwa hoja, asiye nayo anaomba.

La pili ni bei. Bati huuzwa kila siku katika soko la metali la London, na bei yake inajulikana. Itangazwe kwa Kiswahili, kwa shilingi, kwa kilo moja, kupitia redio za jamii. Tuna redio ya FADECO pale Karagwe ambayo kwa miaka mingi imewatangazia wakulima mambo ya kilimo. Mchimbaji naye ni mkulima wa chini ya ardhi. Na tanuri lolote litakalojengwa au kuahidiwa, liwe la mwekezaji au la ushirika, lipimwe kwanza kwa swali hili: je, anayeleta jiwe anaiona namba?

La tatu ni ule uzi wa Nkwenda. Baina ya jiwe na televisheni kuna bidhaa ya katikati ambayo haihitaji kiwanda cha mabilioni: uzi wa kuunganishia. Bati safi likiisha kupatikana, kulichanganya na kulivuta kuwa uzi ni kazi ya karakana, na kila fundi wa redio, simu na televisheni kutoka Bukoba hadi Mombasa huutumia. Chuo cha VETA cha mkoa wetu kinaweza kuifundisha kazi hiyo pamoja na ufundi wa bodi na wa taa za paneli, ili televisheni yenye ubovu mdogo isitupwe mgombani ikaoze na sumu zake. Kuna thamani katika kutengeneza kilichoharibika, na fundi yule wa Nkwenda anaishi kwayo bila ruzuku ya mtu yeyote.

Kwa wanafunzi wangu wanaotafuta mada za utafiti: nendeni mkapime ni asilimia ngapi ya bei ya London inayofika mkononi mwa mchimbaji wa Kyerwa. Kwa wanaharakati: mmeipigania kahawa dhidi ya butura, ipiganieni na bati kwa jina hilo hilo, maana wananchi wanalielewa. Kwa watumishi wa halmashauri na wa madini mnaosoma hapa, na najua mnasoma kwa sababu huwa mnanipigia simu: hakuna sheria mpya inayohitajika ili mchimbaji aone namba iliyoandikwa kwenye kifaa. Inahitajika meza, kifaa, mtumishi mwaminifu na daftari.

Televisheni yetu ilipona. Fundi aliiwasha kabla sijalipa, na picha ikatokea, mbunge mmoja akihutubia kuhusu viwanda. Kijana wa bati alisimama nyuma yangu akatazama kidogo, akainama kuangalia lile tone jipya kupitia matundu ya mgongo, kisha akachukua redio yake akaenda zake. Sikuwa na jibu la kumpa siku ile. Hili ndilo jibu langu, na nitalirudia hadi nione meza ya kupimia imewekwa Kyerwa.

Wasalaam.